Tanki la pikipiki limebonyea: kwa nyinyi mlioingia gereji juzi

Vijana mlioanza kazi juzi hapa Mombasa, Kongowea, Changamwe na kule Likoni, naona mkiletewa tanki limebonyea swali la kwanza ni puti (ule uji mzito wa kujazia bonde kabla ya rangi) iko wapi. Puti ngojeni. Kazi yenyewe ni kurudisha chuma pale kilipokuwa, puti ni ya kulainisha tu na isizidi milimita 3. Ukiona mtu anajaza bonde kama anakandika nyumba ya udongo jua mwenye boda atarudi rangi imepasuka, manake pikipiki yatetemeka kutwa na puti nene haivumilii.

Lakini kabla ya chuma kuna petroli, na hapa ndo nataka mnisikize. Watu huogopa tanki lililojaa, mie naogopa lililo tupu. Kinachowaka ni mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa, na tanki ulilomwaga mafuta sasa hivi ndani ni mchanganyiko huo huo. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, haupandi ukapotea, hukaa chini ya tanki na ukitoka hutambaa sakafuni mpaka kwa jirani anayekata chuma na graina. Kwa hivo funga koki, chomoa paipu, toa kifuniko, toa geji kama lipo na geji, mwaga mafuta nje kwenye upepo, osha na maji moto na sabuni, mwaga, rudia, rudia tena. Usijiambie ati halinuki. Tanki la zamani lina kutu na utando ndani, petroli hujificha humo, ukipasha moto kwa nje yaanza kutoka upya. Ndo maana mafundi wa kale wakitaka kulehemu hulijaza maji, wakaliinamisha ile sehemu ya kuchomwa iwe juu na pabaki kijinafasi kidogo tu bila maji (maji yakigusa pale pale chuma chapoa na lehemu haishiki). Mdomo wa tanki usizibwe hata kidogo.

Sasa bonde. Vaa soksi mkononi upitishe kiganja juu yake taratibu, mkono wasikia mambo jicho halioni. Katikati pameingia, kuzunguka pameinuka ukingo. Mgeni hukimbilia kuvuta katikati, na hapo ndo huharibu. Katikati paliingia kwanza, patoke mwisho. Twakwangua rangi, twalehemu washa (kile kipete cha chuma cha boli) au boli yenyewe kule pembezoni, twashika na nyundo ya kuvuta (fimbo yenye uzito unaoteleza), mmoja avuta kidogo na mwenzake agonga ule ukingo kwa nyundo nyepesi, ukingo ukishuka bonde lapanda, saa zingine latoka lote kwa mlio mmoja pwa! Ukivuta kwa nguvu mara moja chuma chatanuka, kisha hakitulii tena, wabonyeza kinaingia waachia kinarudi. Weldi ya stima wekeni mbali, bati ni jembamba, utalitoboa uwe na kazi mbili. Na wale wa kuziba mdomo wakapuliza kompresa, jamani, tanki halikuundwa kubeba presha, kabla bonde kutoka utaona mshono umefumuka.

Bonde likiwa juu ya mshono, au kutu imeshakula ndani, mwambie mwenyewe atafute tanki jingine hata la mtumba. Usimlie hela yake bure.

Ukimaliza chuma jaza maji, panguza nje, liweke juu ya gazeti kavu uone kama lavuja. Hii kabla ya puti, si baada ya rangi. Likiwa zima mwaga, kausha upesi.

Hapa pwani kuna na hili la chumvi: chuma ulichokwangua ukikiacha wazi usiku mmoja asubuhi wakuta wekundu wa kutu. Kwa hivo panga siku yako, msasa namba 80, puti, sugua, praima (rangi ya kwanza ya chini), zote siku hiyo hiyo. Sugua kavu, puti hunyonya maji na ukisugua na maji wafungia unyevu ndani. Hadna, ile dawa ya kugandisha, ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti, na kwa joto letu yaganda ubaoni dakika chache tu, changanya ya kutosha sehemu ndogo. Siku za mvua za Mei usipulize rangi ya kukauka upesi, yapauka ikawa nyeupe, ngojea jua hata kama mwenye boda apiga simu kila saa ati deni la siku halijalipwa.

Rangi ya juu iwe ya hadna pia, ile ya kawaida petroli ikiimwagikia yalainika. Kabla kufunga tanki suuza na petroli kidogo kutoa maji yaliyobaki, safisha chujio la koki, na ukimkabidhi mwambie asijaze mpaka shingoni kisha akaegesha juani. Petroli ikipata joto hufura, yatokea kifunikoni na kutiririka pale pale ulipopaka.