Pampu inazunguka kwa unyonge, transista inachoma vidole

SWALI: Natumia ESP32, kibodi kidogo cha kudhibiti vifaa kama Arduino, kuwasha pampu ya bustani ya volti 12 inayokula ampia 2. Niliweka transista ya BC547, ikafa papo hapo. Muuza duka akanipa IRFZ44N, akasema inabeba ampia 49. Sasa pampu inazunguka kwa unyonge na transista inachoma vidole. Nikitumia Arduino Uno kuna nafuu kidogo. Je, nimeuziwa feki? Na swichi ya boya la tangi niiunge vipi kwenye pini ya 34?

JIBU: Feki zipo madukani, lakini hapa usimlaumu muuzaji haraka. BC547 ukomo wake ni miliampia 100, nawe uliibebesha mara ishirini ya hizo. Ile haikuwa na namna.

IRFZ44N ina hadithi nyingine. Hii ni mosfeti, transista inayofunguliwa kwa volti kwenye mguu wake uitwao geti. Ampia 49 alizokutajia ni za kweli, ila datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inazitoa geti ikiwa na volti 10. Pini ya ESP32 inatoa 3.3, ya Uno inatoa 5, ndiyo maana ukaona nafuu. Kinachowapoteza wengi ni ule mstari unaosema geti hufunguka kati ya volti 2 na 4. Ukisoma pembeni utaona kipimo hicho kimechukuliwa kwa mkondo wa mikroampia 250. Hapo mosfeti ndiyo kwanza inachungulia mlango. Kuibebesha pampu katika hali hiyo ni kama kupanda mlima kwa nusu klachi: gari linasogea, lakini kuna kitu kinaungua.

Weka mita kati ya dreni (mguu unaoungwa na pampu) na sosi (mguu wa upande wa hasi), pampu ikiwa imewashwa. Tuseme umepata volti 4 na mkondo ni ampia 1.5. Hizo ni wati 6 za joto. Bila bati la kupooza, kila wati huipandisha mosfeti hiyo nyuzi 62 hivi, na ukomo wake wa ndani ni nyuzi 175. Piga hesabu mwenyewe.

Tafuta mosfeti ambayo datashiti yake inataja ukinzani geti ikiwa na volti 2.5. AO3400A ni mojawapo: hapo haizidi omu 0.048, kwa hiyo kwa ampia 2 joto halifiki wati 0.2. Inastahimili volti 30. Shida yake ni udogo, kama punje ya mchele, na kuilehemu kunataka subira. IRLZ44N ni rahisi kushika, lakini datashiti yake inaishia volti 4. Kwa Uno naitumia bila wasiwasi, kwa ESP32 napima kwanza.

Kuna watakaokushauri uweke BC547 mbele ya IRFZ44N ili geti ipate volti 12. Inafanya kazi, ila mantiki inageuka: pini ikiwa kimya, pampu inawaka. Kila ESP32 inapoanza kuamka, bustani inapata maji ambayo hukuyaagiza.

Sosi iende kwenye hasi, na hasi ya betri iungane na hasi ya ESP32. Wengi husahau hili. Resista ya omu 100 ikae kati ya pini na geti, na ya kilo-omu 10 kutoka geti hadi hasi, ili pampu ilale wakati pini haijaamuliwa. Sambamba na pampu weka dayodi, mstari wake ukielekea chanya. 1N4007 ni ya ampia 1. Kwa pampu yako chukua 1N5822, hasa kama utabadilisha kasi kwa PWM, yaani kuwasha na kuzima kwa haraka sana.

Kuhusu boya: pini za 34 hadi 39 ni za kuingiza tu na hazina resista ya ndani ya kuvutia juu (pull-up), ile inayoishikilia pini kwenye volti 3.3 swichi ikiwa wazi, kwa hiyo programu haitakusaidia. Funga kilo-omu 4.7 kutoka pini hadi volti 3.3, na swichi kati ya pini na hasi. Kama waya hadi tangini ni mrefu, ongeza kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini. Volti 12 zisiguse pini hiyo kabisa.