Kwa nini hesabu humlemea mtoto akifika darasa la nne

Ndugu, umeuliza kwa nini mtoto aliyekuwa akipata zote darasa la pili sasa anafeli hesabu darasa la nne. Mara nyingi si uvivu.

Kwa mitaala mingi, miaka miwili ya mwanzo ni kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa. Hata kwa vidole anamudu. Kisha huja jedwali la kuzidisha, na baada yake sehemu, ambazo humvurugia alichozoea: 8 ni kubwa kuliko 4, lakini 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Mimi ningeanzia hapo. Mpe karatasi aikunje katikati mara mbili, aifungue na kuhesabu vipande vinne. Airudishe, aikunje mara ya tatu: sasa ni vinane, na kila kimoja kimepungua. Usimweleze, mwache aone.

Pia mpe fumbo la hesabu la maneno alisome kwa sauti. Akijikwaa kwenye sentensi zenyewe, shida ni kusoma, wala masomo ya ziada ya hesabu hayatamsaidia sana.

Desimali na asilimia zisubiri, kwani zote zinasimama juu ya sehemu.