Nyi mnaoformati laptop zenye joto, kaeni hapa kidogo

Jana tena nimepata kijana anaformati laptop ya mteja ati inakwama. Fani inalia hadi nje kwa korido, yeye anangoja Windows imalize kuingia. Jameni! CPU, ile chipu kuu ya kompyuta, ikifika kikomo chake cha joto, na kwa laptop nyingi za Intel ni nyuzi 100, inajipunguza kasi yenyewe ndio isiungue, sasa utampea mteja Windows mpya inayokwama vilevile.

1. Pima joto kabla ya kufungua chochote. Likiruka kutoka 45 hadi 95 kwa sekunde chache, hitsinki, kile chuma cha kutoa joto, haijashika chipu vizuri. Likipanda polepole, shuku vumbi ama fani.

2. Hizi laptop za ex-UK, mitumba ya Uingereza, pesti yake, ile krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na hitsinki, huwa imekauka kitambo. Badilisha tu.

3. Padi za kadi ya grafiki, vile vipande laini vya kupitisha joto kutoka memori hadi hitsinki. Hapa nitaongea sana juu nililipia. Jamaa wa kuedit video za harusi aliniletea kadi, joto liko juu kidogo, kazi ya pesti tu. Nikavuta hitsinki, padi za memori zikararuka, na badala ya kupima unene wa vile vipande vilivyobaki nikachukua za milimita 2 zilizokuwa kwa droo, nikabandika kote, nikakaza skrubu nikijisifu. Kuwasha, joto la GPU, chipu ya hiyo kadi, linapanda mbio hadi inajizima. Nikalaumu draiva. Nikalaumu pawa saplai, nikaazima ingine kwa jirani, nikamwambia mteja arudi kesho, na hio kesho ikasukumwa hadi Ijumaa na jamaa ana harusi ya kupeana. Kufungua ndio naona lile tone la pesti liko juu ya chipu venye nililiweka, mviringo, halijafinywa hata kidogo. Padi zilitakiwa ziwe za milimita 1, zangu zilikuwa zimeinua hitsinki, katikati kumebaki hewa, na hewa haipitishi joto la maana. Harusi iliedit​iwa kwa mashine ya kukodi na kodi nililipa mimi.

4. Ukipuliza vumbi na blowa, shikilia fani isizunguke. Na msijilinganishe na mafundi wa Mombasa, kule kuna joto lakini hewa ni nzito, hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, fani ileile inabeba joto kidogo.

5. Ile metali ya maji ya galiamu, ya kuweka badala ya pesti, inakula aluminiamu na inapitisha umeme. Ukiimwaga kwa bodi ya mteja usinipigie, nitakwambia niko Rongai.