Taa ya dagaa inafifia: umeme unaishia njiani?

SWALI: Navua dagaa. Taa yangu ya LED ya volti 12, wati 24, ikiwa karibu na betri inawaka vizuri. Nikiipeleka kwenye boya kwa waya wa mita 20, ule wa milimita 0.75 za mraba, inafifia. Waya wa aina hiyohiyo nyumbani kwenye umeme wa TANESCO hauna shida. Je, umeme unaliwa njiani?
Mvuvi, Igombe, Mwanza

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Ampea zinazotoka kwenye chanya ya betri ndizo zinazorudi kwenye hasi. Mkondo ni kama mnyororo wa baiskeli: wote unazunguka kwa pamoja, hakuna pingili inayotumika ikaisha. (Elektroni zenyewe hujikokota. Kwenye waya wako, kwa ampea 2, ni kama milimita 0.2 kwa sekunde. Taa huwaka papo hapo kwa sababu zote huanza kusogea karibu wakati mmoja.)

Kinachopungua ni volti. Wati 24 kwa volti 12 ni ampea 2. Mita 20 za kwenda na 20 za kurudi ni mita 40 za shaba, na wengi husahau hizo za kurudi. Ukinzani wake, yaani jinsi waya unavyozuia mkondo, ni 0.0175 (namba ya shaba) × mita 40 ÷ milimita 0.75 za mraba, karibu omu 0.93. Zidisha kwa ampea 2: volti 1.9 zinaishia kuwa joto kwenye waya, taa inabakiwa na kama 10. Ni makadirio, maana taa ikififia huvuta pungufu. LED za bei nafuu hazivumilii hilo. Volti zikishuka kidogo, mkondo wake hushuka sana.

Nyumbani ni volti 230, kwa hiyo wati 24 huvuta ampea 0.1 tu. Hapo waya hula volti 0.1, nani ataiona?

Waya wa milimita 4 za mraba utapoteza volti 0.35 tu. Ila kabla ya kununua, pima volti kwa mita ya umeme (multimita) taa ikiwa inawaka, kwanza kwenye betri, kisha kwenye taa. Ukipima taa imezimwa utadanganyika, kwani pasipo mkondo waya haupotezi volti. Tofauti ikizidi volti 2, kagua maungio: shaba iliyoota ukijani ni ukinzani mwingine. Ikwangue, piga lehemu, funga isiingie maji.

Na weka fyuzi ya ampea 5 jirani kabisa na chanya ya betri, si kule kwenye taa. Waya ukichunika katikati na shaba zikagusana, fyuzi ya mwishoni haitajua lolote, na waya utawaka mtumbwini.