Trekta kuukuu hukaguliwa kuanzia nyuma

Masika yakikaribia, simu huwa ni zile zile. Mtu wa Ganda au Mambrui, huku kwetu Malindi, amekusanya pesa zake, amechoka kungoja zamu ya trekta ya kukodi huku mvua ikimpita, na sasa kuna MF 135 (yaani Massey Ferguson) au Ford 5000 inauzwa mahali fulani. Swali lake la kwanza ni, "Injini yake vipi?" Mimi humjibu kwamba injini tutaifikia. Niambie kwanza huko nyuma kukoje.

Injini ya MF 135 ni Perkins ya silinda tatu, na mafundi wa Malindi wanaijua hata gizani. Ikichoka itakula pesa zako, lakini itapona. Sasa fikiria kazi unazoitakia trekta: kubeba plau, kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi au pampu ya maji kule Sabaki, kuvuta tela la mawe. Zote hufanywa na makalio yake. Injini safi yenye makalio mabovu ni jenereta ya bei ghali. Na tofauti kati ya trekta kuukuu moja na nyingine iko huko huko, kwa sababu huko ndiko watengenezaji walikobadilisha mambo mengi, mwaka baada ya mwaka.

Trekta za mwanzo zilikokota plau kwa chuma kimoja au cheni, na plau ilikuwa na magurudumu yake yenyewe. Fordson, iliyoanza kuuzwa 1917, ilikuwa nyepesi na ya bei ya chini, ikaenea sana. Ila plau ikinasa kwenye kisiki na magurudumu ya nyuma yakikataa kuteleza, nguvu yote ilirudi kuinua pua. Trekta ilipinduka kinyumenyume ikamwangukia dereva. Aliyelishughulikia jambo hilo ni Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini ya Ireland, yule yule ambaye Desemba 1909 alirusha ndege aliyoijenga mwenyewe, ya kwanza kupaa katika nchi hiyo. Kufikia 1926 alikuwa na hataza ya mfumo wake: mikono miwili chini, mmoja juu, plau inaning'inia kwenye trekta badala ya kuburutwa mbali nayo. Huo wa juu ndio tunaouita toplinki.

Akili yake iko hapo kwenye toplinki. Plau ikizama ardhini inataka kubiringika kwenda mbele, kwa hiyo inausukuma mkono wa juu, na mkono wa juu unaikandamiza pua ya trekta chini. Nguvu iliyokuwa ikimpindua dereva ikageuzwa kuwa uzito wa kuituliza trekta. Toplinki hiyo hiyo inasukuma springi, na springi inafungua na kufunga valvu ya hadroliki, yaani ya mafuta yanayosukumwa na pampu kuinua mikono; huko kuinua ndiko tunakoita lifti. Udongo ukiwa mgumu, springi inabanwa, plau inainuliwa kidogo; ukilainika, inateremshwa. Mwaka 1938 Ferguson alipeana mkono na Henry Ford, na mwaka uliofuata ikatoka Ford 9N. Baadaye Ferguson akaishtaki kampuni ya Ford, kesi ikaisha 1952. Katikati ya ugomvi huo Ferguson alikuwa akiunda TE20 yake ya kijivu kule Coventry, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Zile MF 35, 135 na 240 tunazozinunua leo zimetoka kwenye tumbo hilo.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu mashamba yetu ndiyo hasa yanayoihitaji hiyo springi. Shamba moja karibu na mto linaanza na mchanga na kuishia kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania. Ukielekea Magarini, ardhi iliyofyekwa juzi ina visiki na mizizi ya mikorosho ambayo hakuna aliyeing'oa. Ndiyo maana plau ya diski ndiyo inayotawala huku: diski hupanda juu ya mzizi ikashuka upande wa pili, wakati plau ya jembe ingevunjika au kukwama. Lakini hata diski, ikiwa springi imekufa, dereva atakuwa na mkono kwenye lifti kutwa nzima, na mifereji itatoka mmoja wa kina kirefu na mwingine wa kukwaruza tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa toplinki, shika kwa mkono ile kichwa yenye tundu la pini ambako toplinki hufungwa, uivute na kuisukuma. Kwenye MF 135 haitakiwi kucheza mbele na nyuma hata kidogo, ila uweze kuizungusha kwa vidole. Ikicheza, ama imelegea na inahitaji kukazwa, ama springi imechoka. Ikiwa haizunguki kabisa, aidha imekazwa kupita kiasi au kutu imeila. Chumvi ya huku haimwonei haya mtu, na trekta iliyofanya kazi upande wa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, nisingeigusa bila kuiona imefunguliwa.

Kisha funga plau, iinue juu, uache injini ikinguruma polepole, na usimame pembeni utazame. Plau inatakiwa itulie. Ikiwa inaanza kutikisa kichwa, inashuka kidogo, inajirudisha, inashuka tena, ujue mafuta yanavuja mahali ndani na pampu inafidia. Niliwahi kwenda na kijana mmoja kukagua trekta, plau ikawa inaitikia kama mtu anayekubali kila analoambiwa. Kijana akauliza, "Mzee, mbona inatikisika?" Mwenye trekta akamjibu, "Ah, mwanangu, hiyo ni baridi ya asubuhi." Baridi, Malindi! Tulikunywa chai yake tukaaga kwa heshima. Halafu zima injini plau ikiwa bado juu. Kushuka taratibu kwa trekta ya umri huo si ajabu. Kuanguka papo hapo ni habari nyingine, na hata kama unainunua, usipite chini ya kitu kilichoinuliwa na lifti hiyo.

Usisahau mafuta yenyewe. Kwenye Ferguson na Massey hizi za zamani, mafuta ya gia boksi, ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) na ya hadroliki ni yale yale, yote yamo kwenye tumbo moja. Chomoa kijiti cha kupimia. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi hupitia kwenye mpira wa gia uliopasuka, trekta ikalala nje mvua nzima. Muuzaji atakwambia ni kubadilisha mafuta tu. Kubadilisha ni rahisi, lakini yale maji yamekwisha pita kwenye pampu, kwenye beringi na kwenye meno ya gia.

Sasa shafti ya nyuma inayozungusha mashine, yaani PTO. International Harvester walianza kuiuza kwenye trekta zao 1918, na baadaye mwendo wake ukawekwa kuwa mmoja kwa wote: mizunguko 540 kwa dakika, shafti yenye meno sita. Ndiyo maana pampu iliyoundwa nchi moja inaingia kwenye trekta ya nchi nyingine. Kinachotofautiana ni klachi, na hapa watu huumia kwa kutouliza.

Trekta yenye klachi moja, TE20 ikiwemo, ukikanyaga kanyagio kila kitu hukatika: magurudumu, PTO, na hata lifti, kwa sababu pampu ya hadroliki inazungushwa na njia hiyo hiyo. Huwezi kusimama huku unainua plau. Mbaya zaidi ni ukiwa na mashine ya kukata majani. Ile visu yake nzito inaendelea kuzunguka kwa kasi yake yenyewe na kurudisha nguvu kwenye gia boksi, kwa hiyo umekanyaga klachi na trekta bado inakusukuma mbele kuelekea ukuta wa jirani. Kuna kapling ya kuachia inayofungwa kwenye shafti kuzuia hilo. Kwa trekta ya klachi moja usikate majani bila hiyo.

Kuanzia 35 ya miaka ya 1950, kukawa na klachi mbili kwenye kanyagio moja. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama, PTO na lifti zinaendelea. Ukikanyaga mpaka chini, vyote vinasimama. MF 135 zilitoka za aina zote mbili, kwa hiyo jina lililo kwenye boneti halikwambii kitu. Panda mwenyewe, ingiza PTO, weka gia, kanyaga nusu, na mwenzako aangalie shafti kutoka mbali. Kama yote yanasimama pamoja, ama ni klachi moja, ama ni mbili iliyorekebishwa vibaya na fundi wa haraka haraka. Bei za hizo mbili zisiwe sawa.

Nimesema kutoka mbali. Mizunguko 540 kwa dakika ni mara 9 kila sekunde. Sisi huku tunafanya kazi na kikoi, na akina mama wanaokuja kupukuchua mahindi wamejifunga leso. Shafti isiyo na kifuniko ikikamata ncha ya nguo, hakuna dereva aliye mwepesi wa kuizima kabla haijaizungusha yote. Karibu trekta zote zinazouzwa hapa kifuniko chake kilikwisha potea. Chomelea kingine kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na kabla ya kupaka rangi.

Upande wa magurudumu sina mengi. Jaribu kanyagio ya kufunga difu kwenye mchanga, uone kama magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, na uhakikishe yanaachiana ukiinua mguu, kwa sababu trekta iliyofungwa difu haitaki kukata kona. Jambo ambalo wengi hawalijui ni Multi-Power. Baadhi ya MF 135 zina swichi hiyo inayozifanya gia 6 kuwa 12. Tamu sana kulimia. Lakini ikiwa upande wa chini, injini haishikilii trekta kwenye mteremko. Inateleza kama umeweka fri. Mtu anayeshuka vilima vya Marafa na tela limejaa mawe ya kujengea anadhani gia ndogo inamlinda, kumbe amebaki na breki peke yake, na breki za trekta ya miaka 50 tunazijua. Kwenye mteremko, Multi-Power iwe juu na gia yenyewe iwe ndogo.

Na visiki. Kila mwenye trekta mpya anataka kung'oa kisiki wiki ya kwanza. Cheni hufungwa kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho nyuma, chini kabisa. Nimeona utingo wakiifunga kwenye tundu la toplinki au kuizungusha kwenye ekseli "ili ivute vizuri". Hapo umemrudisha Fordson wa 1917: kisiki kimegoma, magurudumu yameshika, pua inapanda, na huna muda wa kutafuta klachi. Zile hesabu za Ferguson hufanya kazi plau ikiwa kwenye mikono yote mitatu. Cheni haiwezi kusukuma toplinki.

Mwisho angalia pini. Mikono ya trekta ndogo kama 135 huchukua pini za chini za milimita 22 na ya juu 19. Plau za trekta kubwa huja na pini za milimita 28 na 25. Pini ndogo kwenye tundu kubwa hutiwa bushi, kazi ya dakika chache, na bila bushi hugongagonga mpaka tundu linakuwa na umbo la yai. Pini kubwa kwenye tundu dogo haiingii, na hapo ndipo watu huita mtu wa kuchomelea. Kwa hiyo piga magoti, futa matope kwenye ncha za mikono ya chini. Ukikuta ncha zimekatwa na kuchomelewa nyingine kubwa, muulize mwenyewe hiyo 135 ya nguvu za farasi 45 ilikuwa ikivutishwa plau gani, na kwa misimu mingapi. Jibu lake ndilo litakalokwambia kama uendelee kufungua boneti uone injini.