Miwani ya VR na uji wa saa kumi na mbili

Madogo mlioripoti juzi wodini, nawapenda ila jana mmenichosha. Mtu kamvisha bibi wa watu miwani ya VR, ile ya skrini machoni inayomwonyesha mgonjwa video ya thieta (chumba cha upasuaji) kabla hajapasuliwa, bibi anapapasa hewani peke yake, yeye yuko koridoni anachati. Sasa sikilizeni.

1. Mgonjwa akae kwenye kiti chenye mikono. Akisema kichefuchefu, vua hapohapo. Mwenye kifafa msimvishe kabisa, mpeni picha za karatasi.

2. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti hapana. Msiiache dirishani, jua likipita kwenye lenzi linaunguza skrini. Wenye hijabu waulizeni kwanza, ile mikanda inavuruga mtandio, sista amsaidie nyuma ya pazia.

3. Msiandike "elimu imetolewa" kwa sababu video imeisha. Hapa ndo nilipoumbuka. Nilikuwa na mzee wa ngiri, katoka Mbagala, keisi ya kwanza saa mbili asubuhi. Sauti ya Kiswahili kwenye ile video niliingiza mimi mwenyewe, najisikia mtangazaji kabisa, nikasema "usile saa sita kabla ya upasuaji". Mzee kavaa, kafurahi, kaangalia thieta yote, anauliza zile taa umeme ukikatika inakuwaje. Nikamwambia umeelewa mzee wangu? Nimeelewa mwanangu. Nikasaini, nikaenda kula chipsi mayai.

Asubuhi keshavalishwa gauni, daktari wa usingizi anamuuliza mara ya mwisho kala lini. "Nimekunywa uji saa kumi na mbili, dokta. Saa sita sijala kitu, kama mlivyosema."

Yaani mzee alishika saa sita ya kwenye saa! Mimi nilimaanisha masaa sita, na uji ni chakula, ukimlaza mtu nao unaweza kupanda ukaingia kwenye mapafu. Keisi ikakanseliwa, binti yake alishaomba ruhusa kazini, akaniangalia tu bila neno, afadhali angenitukana. Na ile sauti ilikuwa imeshasikilizwa na wagonjwa kibao kabla yake, wiki nzima sikulala vizuri.

Kwa hiyo tajeni saa yenyewe: keisi ya saa mbili asubuhi, chakula mwisho saa nane usiku, maji matupu mwisho saa kumi na mbili asubuhi, labda watu wa usingizi waseme vingine. Halafu yeye akurudishie kwa mdomo wake, miwani ikiwa imeshavuliwa, maana ikiwa usoni macho yanakula taa na masikio yanaenda likizo.

4. Chajini usiku. Na aliyeirudisha jana mkanda umelowa jasho, namjua.