Maswali na majibu: Siku usiyobeba vyuma, sahani ikaeje?

Maswali ya safari hii yametoka Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, lakini karibu yote yanauliza jambo lilelile: siku ya kukimbia na siku ya kupumzika nile nini, maana nataka misuli na sitaki kitambi. Protini na wanga ni nini mnajua tayari, sirudii. Naweka kipimo kimoja tu mezani, majibu yote yatakitegemea: anayejenga misuli anahitaji protini takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 ni gramu 112. Kila siku, Jumapili ikiwemo.

Shikamoo kocha. Nabeba vyuma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine sitoki jasho, kwa hiyo mchana nashinda bila kula na jioni nakula matunda tu ili nisiote tumbo. Niko sawa? (Temeke)

Marahaba. Hauko sawa, mdogo wangu, na wenzako wengi wanapoteza miezi kwa kosa hilihili.

Ukimaliza benchi (kusukuma chuma ukiwa chali) na skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) Jumatatu jioni, kazi ya kujenga msuli ndiyo kwanza inaanza. Kwa saa 24 hadi 48 zinazofuata mwili unatengeneza protini ya misuli kwa kasi kuliko kawaida, hivyo Jumanne nzima ni siku ya ujenzi. Mafundi wako kazini, wewe umefunga duka la saruji. Kisha kuna akiba ya wanga iliyomo ndani ya misuli yenyewe, gramu 400 hivi kwa mtu mzima wa kawaida. Ukiichota kwa mazoezi makali huchukua kama siku nzima ya kula vizuri ili ijae tena. Aliyeshinda na papai na tikiti Jumanne anaingia jimu Jumatano miguu mizito, seti ya tatu, yaani raundi ya tatu ya zoezi, inamkatikia mara ya sita badala ya kumi, halafu analaumu usingizi.

Kinachopungua siku ya mapumziko ni wanga, tena kidogo. Saa moja ya vyuma hutumia kama kalori 200 hadi 300 kwa mtu wa kilo 70. Toa hizo tu: gramu 60 za unga mkavu, ambazo zikishasongwa ni kama matonge matano au sita ya ugali. Basi. Kitoweo usikiguse, mboga usiziguse, na mlo wa mchana urudi mahali pake.

Siku ya mapumziko ya mtu wa kilo 70 inaweza kwenda hivi. Asubuhi mayai matatu na glasi ya maziwa, gramu 26 za protini. Mchana kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, gramu 15, na dagaa wakavu gramu 30, ambao ni kama konzi moja, gramu 16 hivi. Jioni kuku gramu 100 bila mfupa, gramu 28. Kabla ya kulala kikombe cha mtindi, gramu 10. Ugali wa siku nzima, ukitokana na gramu 250 za unga, unakuongezea kama 18. Jumla 113. Hapo hakuna kopo lolote la kutoka ng'ambo, na ukimwondoa kuku ukaweka samaki, au ukaongeza kikombe kimoja cha maharage na dagaa kidogo, hesabu inabaki ileile.

Na anayekudharau kwa kula ugali maharage mwambie hivi: mahindi yana upungufu wa lisini (moja ya asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini), maharage yanayo tele; maharage yana upungufu wa methionini, kipande kingine, mahindi yanaziba pengo hilo. Sahani hiyo inajitosheleza kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo lake ni kwamba watu hupakua ugali wa kilo na maharage ya vijiko viwili.

Mayai mabichi yanajenga haraka kuliko ya kuchemsha? (Wameuliza watano)

Hapana, na nimelijibu hili mara nyingi mno. Mwili hufyonza karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililoiva, na kama nusu tu ya yai bichi. Nusu ya pili umenunulia choo, na bakteria wa salmonela juu yake. Chemsha.

Nikikimbia asubuhi tumbo tupu, nitachoma misuli? (Nakuru)

Kwa dakika 30 hadi 40 za mwendo unaokuruhusu kuongea, hapana, mradi protini ya siku itimie. Ukipitisha saa moja au ukikimbia kwa kasi, kula ndizi moja kwanza.

Kocha, Jumapili tunakimbia na klabu yetu ya jogingi kilomita 8. Tukimaliza ni supu ya kongoro, chapati mbili na soda. Wengine wanasema tunarudisha mafuta yote. Ukweli ni upi? (Kinondoni)

Fanyeni hesabu kabla ya kutishana. Kukimbia hutumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 70 mara kilomita 8 ni 560. Chapati mbili za mafuta ni kama 550, soda ya mililita 300 ni kama 125, na supu ina yake. Kwa hiyo mmerudisha mlichotumia na ziada ndogo. Kwa anayejenga mwili hilo si kosa hata kidogo, ndilo linalotakiwa! Anayejenga misuli asipolipa deni la kukimbia, mwili utalilipa kwa kuacha kujenga. Kumbuka hesabu hiyo ni ya kukimbia. Mkitembea nusu ya njia, nusu hiyo ihesabuni kwa kiasi cha nusu tu.

Ninalogombana nalo ni kongoro. Lile jambo la kunata linaloganda supu ikipoa ni kolajeni. Ni protini, ila kati ya zile asidi amino haina triptofani kabisa na leusini yake ni haba, na leusini ndiyo inayowasha ujenzi wa msuli. Mtu anakunywa bakuli mbili, anajiandikia gramu 30 za protini, na msuli haujapata hata nusu ya faida ya gramu 30 za nyama. Pendeni kongoro kwa ladha yake. Lakini agizeni na mayai mawili au matatu ya kuchemsha, au chukueni supu ya kuku au ya nyama yenye minofu ya kuonekana. Soda ikae mahali pake pia: baada ya kilomita 8 haina madhara kwa mwenye afya, ila ile ya Jumatatu ofisini haina kilomita za kuilipia.

Sasa ambalo hamkuuliza. Joto la Dar linakausha. Pimeni uzito kabla na baada ya kukimbia, bila nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Rudisheni lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kila kilo, polepole ndani ya saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Supu hapo inafanya kazi nzuri kuliko mnavyojua. Madafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi yake haba, hayatoshi peke yake. Kubugia lita tatu za maji matupu kwa mkupuo ni hatari: chumvi ya damu hushuka, kichwa kinauma, mtu anatapika, na ikizidi anapoteza fahamu.

Nina kilo 58, mwaka wa pili jimu, nakula sana lakini sinenepi. Kukimbia nimeshaacha kabisa. Rafiki ameniletea vidonge vya kunenepesha, nianze? (Tanga)

Usianze. Vidonge vinavyouzwa mitaani kwa jina hilo mara nyingi ni siproheptadini au deksamethasoni, na wengine huvichanganya vyote viwili. Ya kwanza ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Ya pili ni steroidi ya kutuliza uvimbe, na ndiyo inayonitisha. Inajaza uso, shavu linakuwa duara, kilo zinapanda kwenye mizani, na wakati huohuo inamega misuli ya mapaja na mabega, inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Yaani unalipa pesa ili upoteze kilekile unachokitafuta jimu. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiikate ghafla, maana tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zinaweza kuwa zimelala; aende hospitali aseme ukweli, daktari ampunguzie taratibu.

Turudi kwenye "nakula sana". Sana si kipimo. Nunua mizani ndogo ya jikoni, na kwa siku saba andika kila kinachoingia mdomoni, kikiwa kikavu kabla ya kupikwa: unga gramu ngapi, mchele gramu ngapi, mafuta vijiko vingapi. Karibu kila anayesema anakula sana hugundua kuna mlo mmoja mkubwa saa mbili usiku, na asubuhi chai ya rangi na andazi moja. Au anakula vizuri siku tatu za vyuma, na siku nne zilizobaki zinamla yeye.

Ukishajua wastani wako, ongeza kalori 300 kwa siku. Konzi ya karanga, gramu 35, ni 200. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwenye mboga ni 120. Uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa na karanga za kusaga ni rafiki mkubwa wa mwembamba, kwa sababu hunyweka hata usipokuwa na njaa. Jipime asubuhi baada ya kwenda haja, mara tatu kwa wiki, na uchukue wastani. Kwako lenga kupanda gramu 150 hadi 300 kwa wiki. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, ongeza 200 nyingine. Ukipanda nusu kilo na zaidi kila wiki, nyingi ya hiyo ni mafuta, punguza.

Na kukimbia kwenyewe urudie. Dakika 25 mara mbili kwa wiki hazitakula misuli yako. Zitakupa pumzi ya kumaliza seti na hamu ya kula. Gharama yake ni ndizi mbili na glasi ya maziwa.

Mimi nafanya vyote, vyuma siku tano na kukimbia siku sita. Nguvu zimesimama. Niongeze chakula? (Eldoret)

Chakula huenda kinapungua, ila ratiba ndiyo mgonjwa. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Hickson aliwafanyisha watu ratiba kama yako hasa kwa wiki kumi. Nguvu za miguu zilipanda hadi kama wiki ya saba, zikasimama, kisha zikaanza kushuka, huku waliobeba vyuma tu wakiendelea kupanda. Punguza kukimbia hadi siku tatu, moja tu iwe ya kasi. Mbio na vyuma vikiangukia siku moja, vyuma vitangulie, au tenganisha kwa saa sita na mlo kamili katikati. Usikimbie kwa kasi siku moja kabla ya skwati. Halafu ongeza gramu 100 za unga au mchele mkavu kila siku ya mbio, uone wiki tatu.

Kriatini (ule unga wa nyongeza wa kuongezea misuli nguvu) ninywe hata siku za mapumziko? (Wengi)

Ndiyo, gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Assalaam alaykum. Ramadhani inanipunguzia mwili kila mwaka. Nifanye kadio (mazoezi ya pumzi) saa ngapi, na nile vipi? (Unguja)

Waalaykum salaam. Kadio iwe nyepesi, dakika 20 hadi 30 za kutembea haraka, umalize karibu na adhana ya Magharibi ili maji yawe jirani. Vyuma viwe baada ya futari au baada ya tarawehe, kamwe visiwe saa kumi jioni juani na koo kavu.

Futari yetu ya pwani ni tamu na ni wanga juu ya wanga: muhogo wa nazi, magimbi, ndizi, viazi, uji, tambi. Mtu anashiba kabla protini haijafika. Fungua kwa tende tatu na maji, swali, kisha uanze na samaki au kunde, muhogo ufuate. Gawa protini mara tatu: futari, baada ya tarawehe, na daku, kila mara gramu 35 hadi 40. Daku ndilo linalokuangusha. Anayeliacha, au anayekunywa chai na mkate akarudi kulala, anapitisha zaidi ya saa 18 bila protini ya maana, na ndipo mwili unapopungua. Mayai manne, kikombe cha mtindi na wali uliobaki vinatosha. Maji lita mbili na nusu, kidogo kidogo kuanzia Magharibi hadi daku.

Siku ya mapumziko napata bia tano. Zinaharibu? (Mwanza)

Bia tano za nusu lita, zenye kilevi asilimia 5, ni gramu 100 za pombe. Jaribio la mwaka 2014 lilitumia kiasi cha namna hiyo baada ya mazoezi, na ujenzi wa misuli ulishuka kwa kama robo hata kwa waliopewa protini ya kutosha. Ukinywa jioni ya siku ya miguu, robo ya skwati zako umeiacha baa. Ukishindwa kuacha, iwe moja au mbili, ziwe mbali na siku ya vyuma, na mlo utangulie.